Damu, Mbu na Urithi

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno matatu ya somo la leo: urithi, mazingira, mageuko. Kila darasa na litafute vikombe viwili, punje mbili za mahindi na punje mbili za maharagwe. Tutazitumia baada ya kitambo kidogo.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu mmoja alizaa watoto wanne. Wawili kati yao walikuwa wagonjwa tangu wangali wachanga. Mikono na miguu ilivimba, macho yakawa ya manjano, na usiku walilia kwa maumivu ya mifupa. Mmoja alifariki kabla ya kuingia shule. Ndugu wa mume wakasema mama ana mkosi; wengine wakasema amerogwa. Mwishowe mama yule alirudishwa kwao. Mimi niliyaamini maneno hayo, kwa kuwa waliosema ni wakubwa. Ukweli niliujua chuoni, katika masomo ya elimu ya viumbe, na siku ile chakula cha mchana hakikupita kooni.

Ugonjwa ule huitwa selimundu. Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu, ndogo mno, za mviringo, zichukuazo oksijeni mwilini. Kwa mgonjwa huyu chembe hizo hujikunja mfano wa mundu. Zikisha kujikunja, hukwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Tena hufa upesi kuliko chembe nzima, na mgonjwa hupungukiwa damu.

Wazee husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wazazi wa watoto wale walikuwa wazima kabisa. Yawezekanaje? Sasa chukueni vikombe vyenu.

Kila mtu hupokea urithi wa damu sehemu mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Tufanye hindi kuwa urithi mzima, na haragwe kuwa urithi wa mundu. Tieni hindi moja na haragwe moja katika kila kikombe. Kikombe kimoja ni baba, cha pili ni mama. Wote wawili hawaugui, maana hindi moja latosha kuzuia ugonjwa, wala hawajui kwamba wamebeba haragwe. Fumbeni macho, toeni punje moja katika kila kikombe. Hizo mbili ndizo urithi wa mtoto. Andikeni mlichopata, rudisheni punje, toeni tena, hata mara ishirini.

Mtaona njia ni nne: hindi na hindi, hindi na haragwe, haragwe na hindi, haragwe na haragwe. Mtoto wa njia ya nne ndiye mgonjwa. Basi kwa wazazi wa namna hii, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Na vikombe havina kumbukumbu: kupata mtoto mmoja mgonjwa si kusema watatu wafuatao watakuwa wazima. Kwa hiyo jirani yetu alionewa. Haragwe lake peke yake lisingemwuguza mtoto; la baba lilikuwamo pia.

Hapa huja swali gumu zaidi. Ikiwa tangu zamani watoto wengi wenye maharagwe mawili walikufa kabla ya kukua na kuzaa, mbona haragwe halikwisha duniani?

Jibu lilipatikana huku kwetu Afrika ya Mashariki. Daktari Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi ya Kenya akipima damu za watu. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria alikuta wengi wenye kubeba urithi wa mundu, mahali pengine zaidi ya watu 20 katika kila 100. Kwenye nyanda za juu zenye baridi alikuta wachache mno. Akajiuliza: kuna nini Pwani na ziwani ambacho huku juu ni haba? Ni mbu wa malaria.

Mwaka 1953 alirudi kuhakikisha. Waluo 30 walikubali kutiwa vijidudu vya malaria. Katika 15 wasiobeba urithi wa mundu, 14 walionekana na vijidudu katika damu. Katika 15 waliobeba, ni 2 tu. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1954, na uchunguzi wa baadaye umethibitisha kwamba mwenye haragwe moja ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali.

Basi tazameni. Palipo na mbu, mtoto wa mahindi mawili alikuwa hatarini kufa kwa malaria, na mtoto wa maharagwe mawili kufa kwa selimundu. Mwenye moja moja ndiye aliyekua zaidi, akazaa, akarithisha. Mbu hakuifundisha damu kujikunja. Badiliko lilizuka lenyewe, na mazingira yakachagua nani abaki. Huko ndiko kugeuka kwa viumbe.

Lakini msikosee. Mwenye haragwe moja huweza kuugua malaria, na alale ndani ya chandarua. Mgonjwa wa selimundu naye hana salama: malaria kwake ni hatari kubwa.

Siku hizi damu hupimwa hospitalini, na mtoto akijulikana mapema ziko dawa za kumkinga na maambukizo na kupunguza maumivu. Vijana wanaotaka kuoana, pimeni kwanza, mjue mna punje gani. Na yule mama anayeambiwa ana mkosi, nendeni mkamwonyeshe vikombe hivi.

Maswali ya darasa: Katika mara ishirini, mlipata maharagwe mawili mara ngapi? Kwa nini vikundi havikupata hesabu moja? Mzazi mmoja akiwa na mahindi mawili, aweza kuzaa mtoto mgonjwa? Zungumzeni na mwalimu wenu. Kwaherini.