Kusukutua maji hakutoshi: jinsi viini vinavyoshika jino

Mazungumzo ya afya ya kinywa kwa wazazi na walezi wanaoleta watoto kliniki



Mtoto akimaliza uji wa asubuhi, wazazi wengi humpa kikombe cha maji asukutue, kisha akimbie shule. Maji hayo yana kazi yake, huondoa mabaki ya uji. Lakini viini vinavyoozesha meno havielei mdomoni kama mabaki. Vimeshika. Mate huviosha mchana kutwa na bado vimo.

Jino likisuguliwa hadi ling'ae, dakika chache baadaye hufunikwa upya na utando mwembamba sana unaotokana na protini za mate. Utando huo hulinda jino, ila ndio huohuo bakteria wanaoushika. Mwili wa bakteria kwa nje umeota protini, nyingine ndefu kama vinyweleo. Protini hizi hukaa sawasawa kwenye sehemu fulani za utando, kama ufunguo na kufuli lake. Wanaotangulia kutua wengi wao ni wa jamii ya streptokoka. Wakishatulia, wengine huwashika wao. Yuko mmoja mwembamba mrefu, Fusobacterium, mwenye protini za kushikana na bakteria wa aina nyingi, naye huwaunganisha waliotangulia na wale wanaoleta ugonjwa wa fizi. Ndivyo ukoga unavyojengeka, tabaka juu ya tabaka.

Anayelaumiwa zaidi kwa kuoza kwa meno ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke nchini Uingereza mwaka wa 1924. Huyu pia ana protini ya kushikia utando wa mate, lakini nguvu yake kubwa hutoka kwenye sukari, hii hii ya chai. Vimeng'enya vyake hugeuza sehemu ya sukari kuwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, na protini nyingine mwilini mwake huishika gundi hiyo. Sukari nyingine huila na kutoa asidi. Asidi hubaki ndani ya gundi, imelikumbatia jino, mahali ambapo mate hayafiki upesi kuipunguza makali. Jino huanza kupoteza madini yake.

Kwa hiyo mzazi asihesabu vijiko vya sukari peke yake, ahesabu pia ni mara ngapi kwa siku. Soda inayonywewa kidogo kidogo mchana mzima hulisha viini mchana mzima. Chupa ya maziwa yenye sukari anayolala nayo mtoto ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu akilala mate hupungua.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1683, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, alitazama ukoga wa meno yake kwa hadubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vijidudu vikienda huku na huko. Alijaribu kusukutua kwa siki. Akagundua kwamba siki iliua vile vya nje tu. Vya ndani ya ukoga viliendelea kuishi.

Kinachovunja ukoga ni kusugua. Mara mbili kwa siku, na ya usiku isikosekane, kwa dawa ya meno yenye floridi. Mtoto wa chini ya miaka 3 hupakiwa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Mtu mzima amsugulie au amsimamie hadi afike miaka 7 hivi. Mswaki wa mti nao hufanya kazi, mradi ufike meno ya nyuma na ukingo wa fizi, ambako wengi huwa hawafiki. Wanaoishi sehemu za Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floridi nyingi na meno ya watoto hugeuka kahawia, waulize kwanza kituo cha afya kuhusu dawa ya kutumia.

Fizi zikitoka damu, wengi huacha kusugua sehemu hiyo. Hapo ukoga huongezeka na damu pia. Isuguliwe polepole kwa mswaki laini, na isipopona baada ya wiki mbili, mtu aende akaonwe.

Damu hiyo ina hatari nyingine. Baadhi ya streptokoka wa mdomoni wana protini zinazoshika chembe sahani za damu, na wakiingia kwenye mshipa wanaweza kutua kwenye vali ya moyo iliyo na kovu. Nchini Kenya wapo watoto na vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mzazi wa mtoto kama huyo, au mtu yeyote aliyewekewa vali bandia, amwambie daktari wa meno kabla jino halijang'olewa, na aje na kadi yake ya kliniki ya moyo. Huenda akahitaji kumeza dawa kwanza.