Kuchagua mahali pa kukaa: maneno kwa familia zinazotaka kuhamia Kakanda

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Kakanda. Tumeyaandika kwa ajili ya ndugu wa Likasi ambao hawakupata transpor ya kufika.)

Mama prezida aliniomba niseme dakika kumi na tano, na anatujua sisi watu wa ONG: tukipewa dakika kumi na tano tunachukua saa. Nitajaribu.

Swali mlilonipa ni hili. Kuko familia zetu zilizorudi kutoka Zambia ambazo mpaka leo zinakaa kwa ndugu, wengi mu Kikula, watu tisa ama kumi mu vyumba viwili. Mnajua ile methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wale ndugu wamevumilia miaka, siyo siku. Sasa familia zinauliza zihamie wapi, na wengi wanajibu wenyewe: Kakanda. Ukiuliza sababu wanasema, "Kakanda iko kadogo, kule bantu banajuana." Na kamati iko na wazo lake, nitalifikia.

Sikucheka hilo neno la "kadogo." Wengi wenu mlikaa Kala ama Mwange mpaka zile kambi zikafungwa mu 2010. Wengine ni wa Meheba, na wale wa mwisho walipita Mantapala, kule Nchelenge. Kambi ilikuwa na shida zake, mnazijua kunipita. Lakini kulikuwaka kitu kimoja: mtoto akipotea asubuhi, saa sita kila mtu wa seksio amejua. Mama mmoja aliniambia alipofika Likasi alisikia kama ametupwa mu maji. Hakukosa chakula. Alikosa mtu wa kumwambia "mtoto wako nimemuona kule."

Mimi nilijifunza hili kwa kosa langu mwenyewe, wacha niliseme. Kulikuwa na familia moja iliyoniomba shauri: wakae Likasi ama waje huku. Nikawaambia Likasi, bila kufikiri sana, kwa sababu masomo ni mengi, hospitali iko, soko liko. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na miaka kumi na ine. Kule Zambia alikuwa amefika Grade 7, kwa Kiingereza. Huku, kwa sababu Kifaransa hakijui, walimuweka mu mwaka wa ine wa primere, na watoto wa miaka tisa na kumi. Kila asubuhi alivaa bleu-blanc, akachukua kaye, akatoka. Wazazi walishukuru Mungu. Wakati nilipopita kuwatembelea, miezi miwili ilikuwa imekwisha, nikaenda kumuona ku masomo. Mwalimu akafungua rejista: yule mtoto alikuja siku sita tu. Alikuwa anabeba mifuko ya mawe ku depo moja. Iniforme anaikunja, anaiweka mu mfuko wa plastiki, jioni anaivaa tena anarudi nyumbani. Hakuna jirani aliyesema neno, kwa sababu hakuna jirani aliyejua ni mtoto wa nani.

Familia ya pili, yenye shida ileile ya Kifaransa, ilikuja hapa Kakanda. Mwalimu wa binti yao anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Jioni alikuwa anapita, anamkuta binti anasonga bukari, anamuuliza maneno ya Kifaransa paka pale ku babula. Hakulipwa. Mwaka uliofuata binti alirushwa darasa moja. Tangu 2019 primere ya Serikali ni ya bure, hiyo ni nzuri, lakini ile ya jioni ku babula hakuna serikali inayoileta. Njo maana nikisema mji mdogo sisemi hesabu ya watu. Nasema mahali ambapo mtoto wako anaitwa kwa jina na mtu asiye ndugu yako.

Lakini msipige makofi bado.

Hapa Kakanda watu wanajuana kwa sababu gani? Kwa sababu huu mji ulizaliwa na mgodi. Watu walifanya kazi pamoja, wakakaa ku kambi moja, watoto wakasoma pamoja, Jumapili wakagawana: hawa Katolika, hawa Metodiste, hawa Garenganze, Jumatatu wakakutana tena ku kazi. Uzi uliowafunga pamoja ni mgodi. Na mgodi ukisimama, uzi unalegea kwa wote siku moja. Wazee wa Gécamines waliomo humu wanakumbuka 2003, wakati zaidi ya watu 10,000 walipewa ile "départ volontaire" mu Katanga nzima. Mtu alipokea pesa yake mara moja, akarudi kwenye kambi ambako na jirani yake amepokea ileile, na hakuna wa kuuzia kitu. Mu Lubumbashi mtu anaweza kuhama kutoka kazi hii kwenda ile bila kuhama nyumba. Hapa, hapana. Kwa hiyo baba anayenunua hapa huku akitegemea paka kazi ya kampuni, nyumba yake na mshahara wake vimefungwa ku kamba moja.

Kuna mambo mazito zaidi ya mshahara. Shinkolobwe haiko mbali na Likasi. Ulikuwa mji mdogo wa wafanyakazi wa Union Minière, dunia nzima inaujua kwa uranium. Baadaye wachimbaji wa mkono walijenga kijiji pale, na soko, na makanisa. Mu mwezi wa kwanza wa 2004 Rais alifunga uchimbaji, mwezi wa saba shimo likaanguka na watu wakafa, na kijiji kikaondolewa. Watu walijuana sana Shinkolobwe. Haikuwasaidia. Ama twende Kolwezi, karitye ya Kasulo: ilikuwa karitye ya kawaida, nyumba na miembe, mpaka karibu na 2014 watu wakakuta kobalti chini ya nyumba. Watu wakachimba mu vyumba vyao wenyewe. Mu 2017 sehemu ya karitye ikatolewa kwa uchimbaji na wenye nyumba wakahamishwa.

Sisemi haya ili muogope. Nasema kwa sababu mu Katanga, mtu anayetafuta nyumba ni lazima aulize habari ya chini kabla ya habari ya juu. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia. Karatasi inayoonyesha hiyo haki kwa nguvu ni sertifika ya ofisi ya udongo. Mali ya chini, shaba na kobalti, ni ya Serikali pia, na Serikali inaweza kumpa mwingine kibali juu ya pale unapolala. Ramani za vibali hivyo zinatunzwa na CAMI, njo kadastri ya mine.

Nafuata familia moja, majina nayaacha. Walilipa dola 700. Walipewa karatasi yenye sahihi ya muuzaji na kashe ya shefu wa pale. Walichoma matofari, wakasimamisha vyumba viwili, wakapanda mahindi nyuma. Baada ya mwaka na nusu walikuja vijana na rangi nyekundu, wakaandika namba ku ukuta. Baba akaniambia, "Tulilipa feza, tukapata karatasi na kashe, tukasema njo kwetu sasa. Kumbe tulinunua maneno." Nyumba ililipwa, na miembe mitatu ililipwa. Kiwanja, hapana, kwa sababu hapakuwa na sertifika. Kashe ya shefu ni ya heshima, tuiheshimu, tusipite bila kumuona shefu. Lakini haitoshi.

Sasa nafika ku wazo la kamati, na naomba wakubwa wanisamehe. Kamati inataka kutumia pesa ya mfuko kununua parseli kumi pamoja, upande wa nje, ili familia kumi za Zambia zikae pamoja na zisaidiane. Nimelisikia, na ninaona moyo mzuri uliomo ndani. Lakini mimi sikubaliani.

Sababu ya kwanza mmekwisha isikia: parseli za nje njo zile zenye karatasi dhaifu zaidi, na njo zile za kwanza kuandikwa namba nyekundu. Tukipoteza, tunapoteza kumi siku moja, na mfuko umekwisha.

Sababu ya pili inaniuma zaidi. Tukikaa kumi pamoja pembeni, mu miezi mitatu watu watapaita "kwa ba-Zambia." Kisima kikikauka, ni ba-Zambia wamemaliza maji. Kuku akipotea, ni ba-Zambia. Mnacheka, lakini mnajua. Hii Katanga yetu imeona mambo: mu 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, majirani waliozaliwa karitye moja walifukuzana kwa sababu ya kabila, watu wa Kasai wakalala ku gare wakisubiri treni. Wengine walikuwa wamekaa pale tangu babu zao. Jina la kikundi likishashika, halitoki haraka. Na tutakuwa tumefanya nini? Tutakuwa tumejenga kambi nyingine karibu na mji, wakati familia ziliomba kuingia mu mji. Yule mwalimu wa ku babula hawezi kukaa nyumba ya tatu kutoka kwako ukikaa kule porini.

Ninachoomba mahali pake ni kitu kidogo, hakina picha nzuri ya kupeleka kwa wafadhili. Mfuko ulipe lwaye ya mwaka mmoja kwa kila familia, ndani ya mji, nyumba moja hapa, nyingine kule, katikati ya wenyeji. Kununua kuje baadaye, kila mmoja kwa macho yake.

Mwaka mmoja mzima, kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu mji unabadilika sura mara mbili. Mtu anakuja kuangalia nyumba mwezi wa sita, hewa ni baridi, njia ni kavu, anafurahi. Mimi nasema: angalia maji mwezi wa kumi, kabla mvua haijakamata, wakati visima viko chini kabisa. Hesabu mama anatumia saa ngapi kwa bidoni mbili, na kama anaamka saa tisa ya usiku, na anapita wapi mu giza. Tena onja yale maji, uliza yanatoka upande gani wa fabriki, uliza bamama wanaolima bustani kandokando ya mto kama mboga zinaota vizuri. Hao wanajua kuliko ripoti. Halafu angalia njia mwezi wa pili. Kama mama ana uchungu wa kuzaa usiku na mvua inanyesha, ni moto gani itakubali, na ni hospitali gani itafikiwa kabla ya asubuhi? Ukipata jibu la maswali hayo mawili, umejua mji kuliko mtu aliyekuja na mita ya kupima kiwanja.

Na mu mwaka huo utajua pia kama mji unakutaka. Mji mdogo uko na macho, na macho hayo yanaona na yale usiyotaka yaonekane: deni lako, ugomvi na bibi yako, binti yako anazungumza na nani. Wengine hawawezi. Kuna baba mmoja alirudi Kikula baada ya miezi mine, akasema heri kelele ya watu wasionijua. Siyo kosa. Kama ulizoea kufunga mlango, kaa Likasi, angalia upande wa Panda, kuna pahali pa utulivu na masomo yako karibu. Kwa wanaobaki: ingieni likelemba ya jirani kabla ya kuanzisha yenu. Nendeni kwa shefu wa karitye wiki ya kwanza, na karatasi zote za kurudi. Kibemba chenu kitawasaidia sokoni, Kiswahili chenu kitanyooka.

Jambo moja la mwisho juu ya mashimo. Mtu ataniuliza: wewe ulikimbiza mtoto ku depo ya Likasi, na hapa mashimo si yako karibu zaidi? Ndiyo, yako karibu zaidi. Sina jibu linalofurahisha. Ninachojua ni kwamba hapa mtoto akiingia ku mawe asubuhi, jioni mtu atakuja kukuambia. Kumtoa ni kazi yako na yangu.

Yule wa Likasi, kwa wale wanaouliza, bado tunamfuata. Hajarudi ku masomo. Baba yake ameandika jina kati ya wanaotaka kuja.

Mama prezida ameniangalia mara mbili, namaliza. Kamati itaamua Jumamosi ijayo, na mimi nitakubali vile itakavyoamua. Kama ni lwaye, nimezunguka na shefu, tumekuta nyumba saba ambazo wenyewe wako tayari kupokea familia na kuandika mkataba wa mwaka mzima. Mbili hazina choo kizuri, nimeziweka alama. Kama ni parseli, basi kabla ya pesa kutoka, watu wawili wa chama waende na zile namba ofisi ya udongo na CAMI, warudi na jibu lililoandikwa. Transpor yao nitaitafuta mimi.