Kabla ya Kulaumu Kamera, Iulizeni Picha
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Karungu

Leo tuko na jambo moja tu: picha zenye ukungu.

Kwa vikundi vyetu picha si mapambo. Mkichimba mtaro wa bomba la maji na kuufukia, kitu kinachobaki cha kuonyesha kwamba bomba lililazwa sawasawa ni picha. Mtaro haufukuliwi tena eti kwa sababu picha haikutoka vizuri. Vijana wanaopiga picha za harusi kwa malipo nao hawawezi kumwambia bwana harusi arudie kuoa. Kwa hivyo hii ni kazi, na ni pesa za watu.

Shida huanza hivi. Wanachama wanachanga, wananunua kamera mpya, zile za kisasa zisizo na kioo ndani. Picha za kwanza zinatoka laini, kama zimepigwa kupitia moshi. Mmoja anasema tumeuziwa kamera mbovu. Mwingine anasema kijana tuliyempa hajui kazi. Mwingine anatoa simu yake mfukoni: "Mbona hii inapiga vizuri kuliko hiyo ya bei kubwa?" Mkutano unaharibika hapo hapo.

Sisi tunasema hivi: msihukumu mtu wala mashine kabla ya kuiuliza picha yenyewe. Ukungu uko na aina zake, na kila aina inaonyesha sababu yake.

Kwa nini simu inaonekana kushinda?

Ndani ya kamera kuna sensa, yaani kibao kidogo kinachopokea mwanga. Sensa ya simu ni ndogo sana, kwa hivyo vitu vya karibu na vya mbali hutoka wazi kwa pamoja. Tena simu hupiga picha kadhaa kwa mkupuo, ikaziunganisha na kuzinoa yenyewe bila kukuuliza. Kamera hizi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008 Panasonic ilipotoa Lumix G1, zina sensa kubwa zaidi. Mahali pamoja panakuwa wazi, mbele na nyuma panalainika. Kamera inangoja uiambie ni wapi. Usipoiambia, itachagua yenyewe.

Jaribio la gazeti

Kabla ya kumwita fundi, fanyeni hivi. Bandikeni ukurasa wa gazeti ukutani, nje, penye mwanga mzuri. Wekeni kamera juu ya meza, hatua mbili kutoka ukutani, ikitazama ukuta moja kwa moja. Chagueni tundu la mwanga F8. Lengeni maandishi, kisha tumieni kile kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Baadaye kuzeni picha kwenye skrini.

Kama herufi za katikati zinasomeka vizuri, kamera ni nzima. Pembe zikiwa dhaifu kidogo, hilo ni kawaida ya lenzi nyingi. Lakini kama upande mmoja uko wazi na wa pili una ukungu, rudieni mara mbili tatu. Ikibaki vile vile, huenda lenzi imekaa upande. Irudisheni kwa aliyewauzia kabla dhamana haijaisha, na mchukue picha hizo kama ushahidi.

Aina nne za ukungu

Kwanza, kila kitu kimevutwa upande mmoja, hata ukuta na miti. Hapo mkono ulitikisika. Shata, yaani pazia la kamera, lilikaa wazi muda mrefu mno. Sheria ya wapiga picha ni hii: kama lenzi iko kwenye milimita 50, kasi isipungue 1/50 ya sekunde, kama umeivuta hadi 200, isipungue 1/200. Sisi tunashauri muongeze: 1/100 kwa ile ya 50, na 1/400 kwa ile ya 200. Bana viwiko mbavuni, egemea mti, bonyeza polepole.

Pili, ukuta uko wazi lakini watu wamevutika. Hapo mkono haukukosa. Waliopigwa picha ndio waliosogea. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilicho ndani ya lenzi au kamera husaidia mkono wako, lakini hakiwezi kumzuia mtoto anayekimbia. Mtu aliyesimama anaongea, tumieni 1/125. Watu wanaovuta wavu, 1/500. Watoto wakicheza mpira, 1/1000. Geuzeni gurudumu hadi herufi S, au Tv kama ni Canon, muweke namba hiyo wenyewe.

Tatu, mtu ana ukungu lakini kitu kingine kiko wazi, pengine maua ya mezani au mabati ya nyuma. Hapo kamera ililenga pasipofaa. Acheni kuiruhusu ichague popote. Wekeni alama moja ya kulenga, muipeleke kwenye jicho la mtu. Kamera nyingi za sasa zina uwezo wa kutambua jicho, uwasheni. Kwa mtu aliyetulia tumieni AF-S, na kwa anayetembea AF-C. Canon huziita One Shot na Servo. Kwa kikundi kilichosimama safu mbili au tatu, F8 ni nzuri, na mlenge safu ya mbele. Lakini msikimbilie F22, maana tundu likiwa dogo sana picha yote hulainika tena.

Angalieni pia swichi iliyo ubavuni mwa lenzi. Ikisogezwa kwenye MF, kamera haitalenga yenyewe. Tena kila lenzi ina umbali wake wa chini. Ukiisogeza karibu mno na samaki mezani, haitaweza kulenga.

Nne, picha nzima imefifia kama maziwa yaliyotiwa maji. Angalieni uso wa lenzi. Mkono uliotoka kushika omena huacha mafuta. Alfajiri, kamera iliyokuwa baridi ikitolewa kwenye hewa ya unyevu ya ufuo hufanya umande. Ngojeni ukauke. Vumbi lipulizwe kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha mfute kwa kitambaa laini, safi, kikavu. Msifute kwa ncha ya leso yenye mchanga. Mchana wa jua kali, hewa moto inayopanda juu ya mchanga hutikisa picha za mbali. Dawa yake ni kusogea karibu, au kuja asubuhi.

Na kwa sababu kamera hii haina kioo, ukiitoa lenzi sensa inabaki wazi. Zima kamera, iinamishe, jikinge na upepo, ubadilishe upesi. Sensa haiguswi kwa kidole wala kwa nguo.

Ndani ya jengo

Mkiwa ndani ya jengo la mabati lenye madirisha madogo, kamera hupunguza kasi ili ipate mwanga. Msiogope kupandisha ISO hadi 1600, 3200, hata 6400. Picha itakuwa na chenga kidogo, lakini sura ya mtu itajulikana. Picha yenye chenga hutumika, iliyovutika haitumiki. Bora zaidi, waleteni watu karibu na mlango, nuru iwaangukie usoni.

Picha nzuri, lakini kwa simu ni mbaya

Kuna picha ambazo ni nzima kwenye kamera, zinaharibikia njiani. WhatsApp huzipunguza zikitumwa kama picha za kawaida. Zitumeni kama faili. Na kama ni dirisha la jicho tu ndilo lenye ukungu, zungusheni kile kigurudumu kidogo kando yake mpaka maandishi ya ndani yawe wazi. Hicho ni kwa ajili ya jicho lako, picha hakiigusi.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini hata mkulima hodari hulikagua jembe kabla ya kwenda shamba. Basi siku ya kazi kubwa, yule mpiga picha wenu apige picha tano, azikuze pale pale, arekebishe, ndipo mtaro ufukiwe.

Ya kujadili kikundini

1. Chukueni picha tatu zenye ukungu. Kila moja ni ya aina gani kati ya zile nne?
2. Ni nani na nani watafanya jaribio la gazeti, na siku gani?
3. Ni kazi gani ya kikundi ambayo picha yake haiwezi kurudiwa? Nani atahakikisha imekaguliwa kabla watu hawajaondoka?