MBAO MBICHI ZINAKULA MSHAHARA WETU
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wanaotoka Kisii na Nyamira)



Sisi wa reli tumezoea kudai nyongeza ya mshahara, na hiyo ni haki yetu. Leo twataka kusema juu ya shilingi zikiisha kufika mkononi. Wengi wetu twajenga nyumbani huku tukiwa kazini Kisumu, Nakuru au Nairobi. Twapeleka fedha, fundi ananunua mbao, na mabati yanapigwa kabla likizo haijaisha. Mwaka haupiti, paa limepinda, misumari imelegea, na mvua inaingia ndani.

Tusimlaumu fundi peke yake. Mashamba yetu ni madogo, na mkaratusi una wateja wengi. Viwanda vya majani chai kama Kebirigo na Nyamache vyautaka kwa kuni. Tena Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma, wanunuzi walizidi kukimbilia miti ya mashambani. Basi mti hukatwa ungali mchanga, ukapasuliwa leo na kuuzwa kesho, umejaa maji. Ubao huo ukikaukia juu ya nyumba hunywea, na kwa kuwa haunywei sawasawa kila upande, hujipinda na kupasuka. Mkaratusi una nguvu, lakini kwa kupinda ni mkaidi kuliko saiprasi.

Kabla ya kulipa, tutazame haya:

1. Inua ncha ya ubao, ufumbe jicho moja, utazame urefu wake wote. Uliojisokota kama kamba usiupeleke darini.

2. Ufa mfupi wa nchani hukatwa kwa msumeno. Ufa uliotoka upande huu hata wa pili, ukataeni.

3. Fundo dogo lililoshika si neno. Fundo kubwa lililo ukingoni mwa ubao huvunja pau.

4. Matundu yanayotoa unga mpya yana wadudu hai. Gome lililobaki liondolewe, maana wadudu hupenda kukaa humo.

5. Doa la buluu ni la sura tu. Lakini kisu kikizama kwa urahisi, ubao umeoza.

Mbao zilizopita mtihani huo zikaushwe. Zipangwe juu ya mawe, mbali na ardhi, chini ya mabati makuukuu, upepo ukipita pande zote. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila futi 2, kijiti juu ya kijiti. Ncha zipakwe rangi zisikauke upesi na kupasuka. Juu kabisa weka mawe mazito. Ubao wa inchi 1 wataka miezi 3 au zaidi, na wa inchi 2 hukawia sana kupita huo. Chagua mmoja uupime kwa mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, umekauka.

Na aliyekwisha kuezeka? Asiuvute ubao uliopinda kwa misumari mirefu, kwani atauongezea ufa. Auwekee ubao mkavu ubavuni, ziungwe kwa bolti. Ufa wa pau usifichwe kwa rangi.

Wazee wetu wa reli walijua jambo hili. Njia iliyofika Kisumu mwaka 1901 ililazwa zaidi juu ya mataruma ya chuma, maana miti ni chakula cha mchwa. Sisi hatuwezi kuezeka kwa chuma kitupu, lakini twaweza kungoja.

Kwa hiyo twashauri hivi: wanaokusudia kujenga mwaka mmoja wanunue mbao pamoja, mapema, wazikaushe katika banda moja. Kila aendaye likizo azikague kwa niaba ya wenzake. Mnunuzi mmoja hupewa masalio, ishirini huchagua.

Ubao mbovu ukiwa chini ni hasara ya ubao mmoja. Ukiisha kupigiliwa juu, ni hasara ya paa zima, na mshahara uliolijenga haurudi.