Diwani wa Upinzani Si Hasara kwa Wadi

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wakazi kuhusu kazi ya Bunge la Kaunti)

 

Kabla hatujaingia ukumbini, mama mmoja alinishika mkono pale nje akaniuliza swali ambalo nimelisikia karibu kila wadi ninayokwenda na kamera yangu. Alisema, "Mwanangu, sisi tulikosea. Diwani wetu ni wa upinzani. Sasa tutapata nini?" Nilimwambia nitamjibu hapa ndani mbele ya wote. Mnajua nalipwa kueleza kazi za serikali ya kaunti, na wengine wenu mtashangaa kunisikia nikiutetea upinzani. Nivumilieni kidogo.

Nitaanza mwaka wa 1963. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei, na KADU, chama cha kina Ronald Ngala, Daniel arap Moi na Masinde Muliro, kikaketi upande wa pili wa Bunge. KADU ilikuwa na hoja moja kubwa: majimbo. Ilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa ikiwa kila jambo litaamuliwa Nairobi. Katiba ya uhuru ilitoa majimbo 7 yenye mabaraza yake, mbali na eneo la Nairobi, pamoja na Seneti ya kuyalinda. Lakini Novemba 1964 KADU ilijivunja, wabunge wake wakavuka na kujiunga na KANU. Wengi walishangilia na kuuita huo umoja wa taifa. Mwezi uliofuata nchi ikawa jamhuri. Majimbo yakapokonywa mamlaka yake hatua kwa hatua, na mwaka wa 1966 Seneti ikafutwa. Waliokuwa na kazi ya kuyatetea majimbo ndani ya Bunge walikuwa tayari wameketi upande wa serikali.

Mwaka huohuo wa 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU akaongoza chama kipya, KPU. Nacho kilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Je, upinzani ulipoondoka, maswali yalikwisha? Hayakwisha. Yalibaki kwa mbunge mmoja mmoja, na kila mmoja alibeba hatari yake peke yake. Oktoba 1975 Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipodaiwa ushahidi, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache tu baadaye wote wawili walikamatwa humo humo katika majengo ya Bunge wakatiwa kizuizini, na hawakuachiliwa hadi 1978. Wote wawili, kwa njia, walikuwa wametokea KADU. Walikosa chama cha kusimama nyuma yao, wala hapakuwa na kiongozi wa walio wachache wa kulalamika kwa niaba yao. Mwaka wa 1982 sheria ikatamka wazi kwamba Kenya ni nchi ya chama kimoja, na ikabaki hivyo hadi Desemba 1991. Wazee walio hapa wanaikumbuka kauli ya siku hizo: siasa mbaya, maisha mbaya. Nadhani swali la mama yetu lina mizizi huko.

Sasa tazameni ilipofika ile hoja iliyoshindwa. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuirudisha Seneti. Kaunti si majimbo yale. Mipaka ni mingine na mamlaka ni mengine. Lakini wazo kwamba si kila kitu kiamuliwe Nairobi lilitetewa kwanza Bungeni na watu wa viti vya upinzani, na lilingoja karibu miaka 50. Zahanati mnayotibiwa na ofisi ninayofanyia kazi zina deni kwao.

Tuje kwa Bunge letu la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtambua Kiongozi wa Walio Wengi na pia Kiongozi wa Walio Wachache. Kwa hivyo diwani wa upinzani hakuingia pale kwa kuvizia. Uingereza, ambako tulirithi mengi ya mtindo huu, Kiongozi wa Upinzani analipwa mshahara wa umma tangu 1937, na waziri mkuu hukaa mbele yake akihojiwa. Kwetu gavana haketi Bungeni, kwa hivyo sehemu kubwa ya kuhoji hufanywa kwenye kamati. Katiba inazipa uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kama Mahakama Kuu.

Kamati ninayotaka muijue ni ile ya uhasibu wa pesa za umma. Waingereza walianza yao 1861, na kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani. Sababu ni rahisi: anayekagua hesabu asiwe na deni la shukrani kwa aliyetumia pesa. Bunge la Kitaifa nalo lina mfano mzuri. Uhuru Kenyatta alipokuwa Kiongozi wa Upinzani ndiye aliyeiongoza kamati hiyo ilipochunguza kashfa ya Anglo Leasing, na mwaka wa 2013 akawa rais. Wanasiasa hubadilishana viti, lakini kazi ya kamati inabaki.

Nitawasimulia langu mwenyewe. Wakati mmoja niliandika kwamba barabara fulani ya wadi imekamilika, na picha nikaweka. Diwani wa upande wa wachache akasimama Bungeni akasema kalvati mbili hazijawekwa. Nilikasirika, nikadhani ni siasa. Kamati ilipokwenda kutazama ikakuta ni kweli. Picha yangu niliipiga upande ule ambao gari la ofisi liliweza kufika. Tulichapisha masahihisho, na mwanakandarasi akarudi kazini. Tangu siku hiyo nikiambiwa mradi umekwisha, nautembea kwa miguu hadi mwisho wake.

Sisemi kila mpinzani ni shujaa. Kuna diwani anayepiga kelele mazishini na kunyamaza kwenye kamati. Kuna anayetoka nje kwa hasira siku ya kupitisha bajeti, akiacha wadi yake bila msemaji, na kuna ambaye ukimya wake hununuliwa kwa zabuni. Tena walio wachache hawana kura za kupitisha jambo peke yao. Hata hoja ya kumwondoa gavana huhitaji thuluthi moja ya madiwani kuianzisha na thuluthi mbili kuipitisha kabla haijafika Seneti. Mpinzani anayejua kazi yake hutafuta marafiki upande wa pili, na huwapata kwa kuja na karatasi mkononi.

Karatasi hizo zina majira yake, na hapa ndipo mnapoingia nyinyi. Mwaka wa fedha huisha Juni 30. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana miezi 6 kutoa ripoti, yaani hadi mwisho wa Desemba, na Bunge la Kaunti likishaipokea lina miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hivyo ikifika Januari muulizeni diwani wenu, awe wa upande wowote, ripoti inasema nini na kamati inakaa lini. Vikao viko wazi kwa umma. Na mkiona jambo linafunikwa, sheria inamruhusu mkazi yeyote kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Huliandika, hutiwa sahihi, na hupelekwa kwa Karani wa Bunge.

Mama yangu, naona umeinua mkono. Karibu, na useme kwa sauti wa nyuma wasikie.