Chungu cha Urojo kama Somo: Vyakula vya Mikoa katika Katuni za Elimu za Watoto

Kwamba katuni zinaweza kumfundisha mtoto wa Afrika Mashariki si jambo la kubishaniwa tena. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam, ilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014 ikifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo, kisha ikaja Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Utafiti wa Dina Borzekowski uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watoto waliotazama Akili and Me walipiga hatua katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Utafiti huo haukuhusu chakula, lakini unatupa msingi wa kuuliza somo lichukuliwe wapi. Hoja yangu ni kwamba vyakula vya mikoa vinavyosifika migahawani viingie katika katuni hizi kama somo lenyewe, visibaki kuwa pambo la mandhari.

Tuutazame urojo wa Zanzibar, unaowavuta watu Forodhani na Mji Mkongwe. Mpishi hukoroga unga wa ngano kwa maji baridi kwanza, ndipo aumimine taratibu kwenye maji ya moto yenye manjano huku akikoroga. Unga mkavu ukitupwa kwenye maji yanayochemka, sehemu ya nje huiva upesi na kuufungia ndani ule ambao haujalowa. Hayo ndiyo madonge. Ukikorogwa vizuri, chembe za wanga hufyonza maji, huvimba, na mchuzi ukawa mzito. Jicho haliwezi kuyaona hayo, ila katuni inaweza kumwingiza mtoto ndani ya chungu akazishuhudia chembe zikivimba. Manjano nayo ni maabara ya bei nafuu: yakichanganywa na maji ya magadi hugeuka rangi ya udongo mwekundu, na yakikamuliwa ndimu hurudi kuwa ya njano. Mwalimu wa kemia anahitaji nini zaidi ili kuanza kueleza asidi na besi? Kwa wadogo, Akili wa Akili and Me, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, yuko kwenye ardhi ya mtori wa ndizi. Kuhesabu ndizi za kumenywa kwa ajili ya wageni ni hesabu yenye sababu.

Wapo watakaosema chakula cha mkoa mmoja kitamtenga mtoto wa mkoa mwingine. Ingekuwa kweli kama somo lingekuwa kusifu ladha. Mtoto wa Mwanza huenda hajawahi kuonja urojo, lakini uji wenye madonge anaujua, na kanuni ni ile ile. Zaidi ya hapo, anajifunza kuwa jirani yake ana maarifa. Pingamizi zito zaidi ni la njaa: si haki kumwonyesha vinono mtoto aliyelala bila kula. Hili nalikubali, na ndiyo maana kipindi kionyeshe kazi na viungo, si meza zilizosheheni. Unga, ndizi na muhogo ni vyakula vya kawaida kabla mgahawa haujavipa sifa. Wengine wanahofia katuni kugeuka tangazo la biashara. Kinga yake ni kanuni ya wazi: chakula kitajwe kwa jina la mahali kilikotoka, jina la mgahawa lisionekane kabisa, na mwenye mgahawa asidhamini kipindi kinachohusu chakula chake.

Kwa hiyo napendekeza kwa waandaaji mambo mawili. Mpishi mzoefu aitwe kwenye chumba cha waandishi kabla hadithi haijaandikwa, aulizwe kwa nini anafanya kila anachofanya. Kisha kipindi kijaribiwe kwa watoto wa mkoa ambako chakula hicho hakipikwi. Wakiweza kueleza kanuni kwa kutumia chakula cha kwao, kipindi kimefundisha. Wakikumbuka jina la chakula tu, kirudishwe kikatengenezwe upya.