Simama Nje ya Mlango

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:10-13; Marko 14:3-9; Yakobo 2:1-9

 

Leo tunasema juu ya macho. Kuna macho yanayomfuata mtu ndani ya magazini kabla hajagusa kitu. Na kuna macho yanayochungulia kapu lake akisha kununua. Watu wanadhani ni mambo mawili. Tukifungua Neno la Mungu tutaona kwamba mzizi ni mmoja: mtu kujiweka mwamuzi juu ya mfuko wa mwenzake.

1. Jicho la mlangoni

Tuanzie hapa mjini kwetu. Kijana wa Katuba anaingia magazini kubwa la katikati ya mji. Sentineli anamwambia aache mfuko wake mlangoni, halafu anatembea nyuma yake kati ya meza za bidhaa. Dakika hiyo hiyo mgeni mweupe anaingia na mfuko mgongoni. Yeye anapewa bonjour patron, na hakuna anayemfuata. Na huyu sentineli ni nani? Ni mtoto wa Kenya au wa Ruashi, ndugu yetu kabisa, amefundishwa kumwogopa mtu anayefanana naye.

Yakobo aliona jambo hili zamani. Watu wawili wanaingia katika kusanyiko, mmoja ana pete ya dhahabu na nguo nzuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza anapewa kiti cha heshima, wa pili anaambiwa asimame au akae chini. Hakuna aliyewauliza neno lolote. Nguo ndizo zilizojibu. Yakobo hasemi kwamba ni desturi mbaya tu. Katika mstari wa 9 anasema ni dhambi.

Na si Lubumbashi peke yake. Mwaka 2013, katika mji wa New York, kijana mweusi wa miaka 19 alinunua mkanda wa karibu dola 350 katika duka la Barneys. Alilipa kwa pesa zake. Alipotoka nje polisi walimkamata, wakamuuliza mtu kama yeye amepata wapi pesa za mkanda wa bei hiyo. Mwaka 2014 duka lile lilikubaliana na mwanasheria mkuu wa jimbo kulipa dola 525,000 kwa sababu ya kuwatendea wateja weusi hivyo. Lakini angalieni, ndugu: hata kati ya waliomhurumia wako waliouliza kwa nini kijana mdogo ananunua mkanda wa bei ile. Polisi waliuliza pesa zimetoka wapi. Watu wakauliza kwa nini zimekwenda huko. Kijana mmoja, mahakama mbili.

2. Wazee wetu waliujua mzigo huu

Mji wetu ulipoitwa Élisabethville, Kamalondo ilitengwa na mji wa wazungu kwa eneo tupu katikati. Usiku mweusi hakutembea kwa wazungu bila karatasi ya ruhusa. Wazee wetu wanasimulia jinsi walivyouziwa vitu kwenye dirisha la pembeni, wakati mzungu anaingia ndani na kuchagua kwa mikono yake.

Halafu Serikali ya Wabelgiji ilileta dawa yake. Mwaka 1948 ikaanzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 ikaongeza ile iliyoitwa immatriculation, kwa wale waliotaka kuhesabiwa kuwa watu waliostaarabika. Ili kuipata, mtu alichunguzwa mpaka ndani. Wakaguzi walikuja nyumbani. Waliangalia viti na meza, uma na visu, choo, matandiko, namna mume na mke wanavyoishi na watoto wanavyolelewa. Mtu mzima, mwenye kazi na mshahara, anasimama ndani ya nyumba yake huku mgeni anafungua kabati kuona kama anatumia franga zake kama mstaarabu. Na baada ya hayo yote, waliopewa walikuwa wachache sana.

Sasa sikieni Torati. Kumbukumbu la Torati 24 inasema juu ya mtu aliyemkopesha jirani yake. Huyu ana haki. Pesa ni zake, na anadai rehani. Lakini Mungu anamkataza kuingia nyumbani kwa jirani kuichukua mwenyewe. Atasimama nje, na mwenye nyumba ndiye atakayemletea. Kama rehani ni nguo ya maskini ya kujifunikia, airudishe jua likichwa, ili maskini alale nayo na ambariki.

Ndugu zangu, kama mdai mwenyewe anasimamishwa mlangoni, sisi tusiodai kitu tunaingia kwa ruhusa ya nani?

Na tusidhani macho hayana matunda. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Likasi na Kolwezi watu walilala kwenye stesheni wakingoja gari moshi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa huku huku. Kabla ya mikono kulikuwa na maneno: juu ya kazi zao, nafasi zao, mali zao. Kwanza mtu anahesabiwa vitu vyake, baadaye anaambiwa havikuwa vyake.

3. Kuku wa mjane

Sasa tuingie kanisani. Kuna mjane anayesaidiwa na kanisa: unga kidogo, mafuta, wakati mwingine pesa ya shule. Siku moja anaonekana kwenye soko la Kenya akinunua kuku, na amevaa kikwembe kipya. Kabla ya ibada ya Jumapili habari imefika kwa mashemasi. Inasemekana anatudanganya, hana shida. Wengine wanaomba jina lake litolewe kwenye orodha. Mama anasikia. Haji kujitetea, anaacha kuja kanisani tu, na watoto wake pamoja naye. Jambo la namna hii limetokea katika makanisa mengi, si mara moja.

Pengine kuku alikuwa wa mtoto aliyepata diplome ya Serikali, na majirani wamekwisha kummwagia poda. Pengine kikwembe alipewa na dada yake. Lakini tuulize swali gumu zaidi: na kama hakuna sababu? Kama mama huyu alichoka na sombe kila siku, akatamani kuku mara moja kwa mwaka? Je, ametenda dhambi gani? Umaskini haumnyimi mtu ulimi. Tukimpa mtu unga hatukununua haki ya kuchungulia chungu chake.

Bethania, mwanamke alivunja chupa ya marhamu na kuimimina juu ya kichwa cha Yesu. Waliokuwapo walipiga hesabu mara moja: dinari zaidi ya 300! Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, basi ni karibu kazi ya mwaka mzima. Walisema ni hasara, wangepewa maskini. Neno zuri, sivyo? Bwana Yesu aliwaambia wamwache mama yule, kwa maana ametenda jambo jema. Na Yohana anaongeza katika sura ya 12 kwamba aliyelalamika kwa jina la maskini alikuwa Yuda, naye ndiye aliyeshika mfuko na kuiba humo. Mwenye kelele juu ya chupa ya mwanamke hakutaka mtu ahesabu mfuko wake mwenyewe.

4. Mahali pa kuuliza

Mtu atasema: basi tusiulize kitu chochote juu ya pesa? Hapana. Baba anayemaliza mshahara katika pombe huku watoto wanalala njaa, mke wake ana haki ya kusema, na mchungaji ana wajibu wa kumwonya, kwa siri kwanza, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Na anayeshika pesa ya watu wote lazima aulizwe mbele ya watu wote. Paulo alipobeba sadaka za makanisa hakwenda peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anaeleza kwamba alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Lakini katika nchi yetu tumegeuza. Mkubwa anashuka katika V8, barabara anayopaswa kutengeneza ina mashimo, na anapewa kiti cha mbele na makofi. Mjane wa kuku mmoja ndiye anayeitwa ofisini. Tukitaka kuuliza habari ya pesa, tuanze na sanduku la kanisa. Hesabu yake isomwe wazi mbele ya washirika.

5. Tufanye nini wiki hii

Wewe sentineli, kagua mifuko yote au usikague hata mmoja. Wewe mwenye magazini, usimtume mtumishi wako kutenda dhambi kwa mshahara. Wewe muuzaji wa soko, usibadilishe bei ukisikia lafudhi ya mtu. Ninyi mashemasi, msaada upelekwe jioni, bila picha, na mbaki mlangoni mpaka mkaribishwe. Na kama kuna mama aliyeacha kuja kwa sababu ya maneno, aendewe kabla ya Jumapili. Asiulizwe habari ya kuku. Aambiwe kiti chake kipo.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeitwa mlafi kwa sababu ulikula na watu, safisha macho yetu. Wape heshima wanaofuatwa madukani na wanaosemwa vibarazani. Wape ujasiri wanaopaswa kuuliza habari ya mali ya umma. Utufundishe kusimama nje ya mlango, kama wewe unavyosimama na kubisha. Katika jina lako. Amina.